Ushauri: hotuba ya dakika saba ya kuomba mchango wa tangi la maji

Jirani_Donholm: Wadau, nisaidieni. Jumamosi nasimama mbele ya majirani wa nyumba 48 kuwaomba kila nyumba itoe shilingi 6,500 tuweke tangi la lita 10,000. Nimepewa dakika saba. Nimeandika mwanzo wa kuwagusa moyo: watoto, mitungi mitupu, mkokoteni wa maji alfajiri. Sipati usingizi. Nianze hivyo?

Mwalimu_wa_Mdahalo: Usianze na machozi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizitaja njia tatu za kushawishi: ethosi, yaani kwa nini wakuamini wewe, pathosi, hisia zao, logosi, hoja zenyewe. Ukiomba pesa, ethosi itangulie, maana anayekushuku huona huruma kuwa mtego. Kisha hesabu moja wanayoijua mfukoni: mitungi 5 kwa siku, shilingi 30 kila mmoja, ni 4,500 kwa mwezi. Hisia zije hapo. Weka mtungi mtupu mezani, nyamaza, hesabu moyoni hadi tatu. Usizidishe maneno 700, la sivyo utakimbizana na saa.

Fundi_Bomba: Hotuba kando, litakaa wapi? Lita 10,000 ni tani 10 za maji. Bila msingi wa zege ulio sawa, tangi litaegama na kupasuka upande wa chini.

Mama_Kayole: Mwanangu, sema ukweli tu. Ukweli hauhitaji ufundi.

Mwalimu_wa_Mdahalo: Unahitaji, mama. Tarehe 28 Agosti 1963, pale Washington, Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alichukua haki, kitu kisichoshikika, akaifananisha na hundi iliyorudishwa kwa kukosa pesa. Hata asiyesoma anajua uchungu wa hundi kurudi. Hoja na hisia zilikaa ndani ya picha moja. Wala urefu si hoja: Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, msemaji mkuu Everett alihutubia saa mbili, Rais Lincoln akafuata na maneno kama 270, na ndiyo yanayokumbukwa.

Hesabu_Kali: Nashuku uzi huu umetungwa. Lita 10,000 kwa nyumba 48 ni lita 208, mitungi 10 ya lita 20. Kwa mitungi 5 kwa siku, siku mbili yameisha. Na 6,500 mara 48 ni 312,000. Zote za tangi moja? Kama si insha ya chuo, tuambie kotesheni, yaani makadirio ya bei, ni ya nani.

Jirani_Donholm: Sijatunga. Matangi ni mawili, pamoja na pampu, mabomba na zege. Kotesheni ni ya shemeji yangu. Lakini bei yake ni nzuri na ameshakuja kupima. Sikuona haja ya kulitaja.

Mama_Kayole: Ala! Na ulitaka kuwaliza watu!

Mwalimu_wa_Mdahalo: Basi kasoro haiko kwenye mwanzo wako. Mtu mmoja akilijua hilo na kulisema kikaoni, mtungi wako mezani utaonekana mchezo wa kuigiza. Tafuta kotesheni mbili zaidi za vipimo vilevile, bandika zote tatu getini kufikia Alhamisi, na pesa zishikwe na mtu asiye wa ukoo wenu.

Jirani_Donholm: Nikisema, watadhani nakula. Nilipanga kulitaja mwishoni, wakishakubali.

Hesabu_Kali: Litaje sentensi ya pili, mara tu baada ya jina lako. Wakilisikia mwishoni watarudi kuzipima upya zile dakika sita zote. Na mpangaji akihama Disemba, 6,500 yake itakatwa kwenye kodi au imeenda? Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Jirani_Donholm: Wenye nyumba sijawauliza. Nawapigia leo jioni.