Trotter aitwe nani kwa Kiswahili?

Mama Mdogo, Buruburu
Wasomaji wenzangu, hamjambo. Majuzi nilinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu hapa jijini nakala ya The Great Gilly Hopkins, riwaya ya watoto ya Katherine Paterson iliyotoka Marekani mwaka 1978, na kurasa za mwisho nilizisoma kwa machozi. Gilly ana miaka 11, amehamishwa nyumba baada ya nyumba, na kila anayejaribu kumpenda humfanyia vituko mpaka achoke, ila Trotter, mama mnene mwenye nyumba yenye vumbi, ambaye hachoki. Mimi ninamlea binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 10, na ningependa kumsomea jioni kwa Kiswahili. Nimekwama kwa neno moja: la kumwita Trotter, anayemlea Gilly ingawa hakumzaa. Nikisema "mama wa kambo", atamwona yule wa hadithi anayemnyima mtoto chakula. Tena, je, mwisho wake unamfaa mtoto aliyefiwa?

Mwalimu wa Gredi ya Tano
Mama wa kambo ni mke wa baba, na Trotter hakuolewa na baba wa mtoto yeyote pale, kwa hiyo neno hilo halimfai hata tukiuacha ubaya wa hadithi. Sema "mama mlezi" mara moja, kisha umwite Trotter, kama Gilly mwenyewe anavyomwita. Mwanao atashtuka kusikia mtoto akimtaja mtu mzima kwa jina tupu. Mweleze kwamba katika nyumba ile si utovu wa adabu.

Mlezi, Kayole
Dada, usiukate mwisho. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nami nimeyaona: mmoja wa niliowalea alikuwa akificha kipande cha mkate chini ya mto kila usiku, ingawa chakula hakikupungua, nami nilikitoa asubuhi bila kusema neno, kwa miezi mingi. Ndiyo maana ile barua ya Gilly iliniumiza. Anamwandikia mama yake uongo kuhusu nyumba ya Trotter, na uongo huo unapozaa matunda, bibi yake anakuja kumchukua wakati ambapo yeye hataki tena kuondoka. Msomee sehemu hiyo Jumamosi mchana, mkiwa na nafasi ya kuzungumza.

Msomaji, Eastleigh
Naongeza tahadhari moja: Gilly anawadharau watu weusi, akiwemo mwalimu wake, Bi. Harris, ambaye Gilly anamwandikia kadi ya matusi. Usiiruke, kwani jinsi mwalimu huyo anavyoipokea ni miongoni mwa sehemu bora za kitabu, lakini mwandae mtoto kwanza.

Mama Mdogo, Buruburu
Asanteni sana. Jana tulifika pale Gilly anapotoa sandukuni picha ya mama yake. Mtoto hakusema kitu. Aliinuka, akarudi na picha ya dada yangu, akaiegemeza kwenye taa, kisha akaniambia niendelee.