Isbister ni jina la wapi? Mzee wa kazini ni Mkrii ila wanasema jina lake la Uskoti

ndugu_wa_baridi

Wakuu habari za humu. Nipo Winnipeg, Kanada huku, mwaka wa nne saivi, napiga shifti za usiku kwenye stoo. Kuna mzee tunafanya nae kazi, mtu wa watu kweli, ndo alonifundisha kuvaa soksi mbili na kuweka gazeti ndani ya buti nilipofika sijui hili wala lile. Mzee ni Mkrii, yaani wenyeji asilia wa huku, anaongea Kikrii na dada zake kwenye simu mpaka brek inaisha, na beji yake imeandikwa ISBISTER. Mi miaka yote najua hilo ni jina la Kikrii, nilikuwa hata nalitamka taratibu nisije nikamkosea.

Sasa juzi kaja supavaiza mpya, mzungu, kaona beji akasema ah kumbe we ni Mskoti, hilo jina adimu hilo, la visiwani kule juu. Mzee akacheka kidogo akasema ndo wanavosema, akaendelea kufunga boksi zake.

Nikabaki na maswali. Jina la Uskoti limefikaje kwa Mkrii? Ni yale mambo ya kubandikwa jina na wamishenari au kuna mzungu kweli huko nyuma? Na hao Isbister wenyewe kwao hasa ni wapi? Afu nimegugo nimekuta kuna watu wanauza cheti chenye nembo ya ukoo wa Isbister na skafu ya ile mistari ya Kiskoti, mzee anastaafu mwezi wa sita nikataka nimnunulie. Naombeni mwanga.

popobawa_mpole

Mi nilivosoma kichwa cha mada nilidhani ni dawa ya mafua. Natandika mkeka hapa nasubiri wajuzi.

mama_wa_aberdeen

Mwanangu cheti usinunue kwanza, weka hela yako mfukoni. Kwa sheria za Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja alopewa, sio ya jina, kwaiyo hakuna kitu kinaitwa nembo ya Isbister wote, hao wanauza karatasi. Na hiyo mistari na koo za kupigana mapanga ni mambo ya milimani bara, Waskoti wa Kigaeli. Isbister sio wa huko.

Isbister ni jina la Orkney, visiwa vilivyo kaskazini ya Uskoti, ukivuka mkondo tu kutoka bara, na Shetland ambayo iko mbali zaidi. Mi naishi Aberdeen miaka 17 sasa, tulienda Orkney na marehemu mume wangu, meli inaondoka saa kumi na moja jioni unafika Kirkwall karibu saa tano usiku, na kiangazi muda huo bado unaona mbele yako vizuri tu. Hakuna miti. Nyasi, ng'ombe, upepo, mawe. Kule ukiangalia majina kwenye makaburi unakuta Linklater, Flett, Isbister, Foubister, Clouston, Drever, majina ambayo hapa Aberdeen unaweza kukaa mwaka hujakutana nalo hata moja.

Sababu ni kwamba Orkney haikuwa Uskoti. Ilikuwa ya Wanorwei karne na karne, wakiongea lugha yao inaitwa Kinorn. Ilivyokuja kuwa ya Uskoti ni kichekesho, mwaka 1468 mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwei alikuwa anamuoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti, na wazungu mahari yao kinyume na yetu, anayelipa ni baba wa bibi harusi. Mfalme hana hela. Akaweka Orkney rehani kwa florini 50,000, mwaka uliofuata akaweka na Shetland kwa 8,000. Hakukomboa. 1472 Uskoti wakazichukua moja kwa moja. Ndo hivo visiwa vikaenda, kama mtu aliyepeleka redio kwa mkopeshaji.

Sasa jina. Hiyo "bister" ya mwisho ni neno la Kinorwei cha kale, bólstaðr, maana yake shamba au makazi ya mtu na ardhi yake. Na ule mwanzo wengi wanausoma kuwa ni mashariki, kwaiyo shamba la mashariki. Foubister ni neno lilelile, na ukivuka kwenda bara sehemu za Caithness unakuta Lybster, Scrabster, ni hiyohiyo imekatika katika midomo ya watu. Kwaiyo ni jina la shamba kwanza, likawa jina la mtu baadae. Ulikuwa unaitwa fulani wa Isbister kwa sababu unakaa pale.

Bakari_wa_Mjikale

Asante mama umesema vizuri sana. Hapa pwani mbona tunalo hilo, mtu katoka Barawa anaitwa Barawi, Sheikh Uways al-Barawi mfano, hujui hata babu yake nani lakini ushajua katokea wapi. Tofauti yake nadhani sisi tunataja mji mzima wenzetu wanataja shamba moja, sijui uwanja wa mtu na ng'ombe zake kumi.

mama_wa_aberdeen

Ndo hivo hivo Bakari. Na Norwei kwenyewe ilikuwa ukihama shamba na jina unabadilisha, mpaka sheria ya 1923 ikawalazimisha kila familia ishike jina moja. Shetland nako walikuwa na mtindo mwingine, wengi walikuwa wanaitwa kwa jina la baba, mwana wa Magnus, mwana wa Ola, mpaka karne ya 19 bado wapo wanaofanya hivo, japo mashamba yanayoitwa Isbister na Shetland yapo.

ndugu_wa_baridi

Shikamoo mama, asante sana. Kwaiyo Isbister wote ni ndugu, wametoka kwenye shamba moja?

mama_wa_aberdeen

Marahaba mwanangu. Hapana, ndo kosa wanalofanya watu. Isbister sio moja. Orkney iko Birsay, iko Rendall, iko South Ronaldsay. Shetland iko moja kaskazini kabisa ya kisiwa kikubwa na nyingine kisiwa cha Whalsay. Kila shamba lingeweza kuzaa familia yake, kwaiyo watu wawili wanaweza kuwa Isbister na hawana tone la damu moja. Ni kama Mtaa wa Mnazi Mmoja, iko mingapi?

Hiyo ya South Ronaldsay tulifika. Pale kuna kaburi la kale la mawe, mwenye shamba aligundua mwaka 1958 wakati anatafuta mawe, likakutwa na maelfu ya mifupa ya watu pamoja na kucha na mifupa ya tai wa baharini, limekuwepo miaka kama 5,000. Mlango wake mfupi hauwezi kuingia kwa miguu, enzi hizo ulikuwa unalala kwenye kigari kidogo cha matairi kama mafundi magari wanavoingia chini ya gari, unajivuta kwa kamba. Mume wangu alikuwa mnene kidogo Mungu amrehemu, alifika katikati akaanza kucheka akashindwa kwenda mbele wala kurudi, watalii wa Kijerumani wakamvuta miguu. Basi kila nikiona jina Isbister naona zile soksi zake.

fundi_saa

Naongezea upande wa Kanada maana swali la jamaa lilikuwa pale, mama amejibu la Orkney.

Kulikuwa na kampuni ya Hudson's Bay, ilipewa hati na mfalme wa Uingereza 1670 kununua ngozi za wanyama, hasa biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito), kutoka kwa wenyeji wa kaskazini. Meli zao zilikuwa zinatoka London lakini kituo cha mwisho kabla ya bahari kuu ni Stromness, Orkney, wanachukua maji ya kunywa na wanachukua watu. Kisima chenyewe bado kipo mjini pale kinaitwa Login's Well, kimefungwa saivi, kina maandishi kwamba meli za Hudson's Bay zilichota hapo kuanzia 1670 mpaka 1891. Na watu walichukuliwa wengi kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 18 wafanyakazi wa kampuni kule Amerika karibu robo tatu walikuwa ni Waorkney. Kwa nini wao? Rahisi, mshahara wao ulikuwa mdogo, kibarua pauni 6 kwa mwaka, wamezoea mashua, wamezoea baridi, wametulia. Vijana wa mashamba madogo ambayo hayagawanyiki tena. Mkataba mara nyingi miaka mitano.

Sasa miaka mitano kijana wa miaka 20 yuko kwenye kituo cha mbao katikati ya msitu, hajui kutengeneza viatu vya theluji, hajui lugha, hajui kukausha nyama. Wanaojua ni wanawake wa Kikrii. Wakaoana kwa desturi ya pale, bila kanisa bila karatasi, London mwanzoni walikataza kabisa ila London iko mbali bana. Watoto wakapata jina la baba na lugha ya mama. Ndo jibu lako mkuu, jina halikubandikwa, lilirithiwa. Hata kuna lahaja ilitokea maeneo ya mto Red karibu na hapo ulipo, inaitwa Bungi, Kiingereza cha Waorkney na Waskoti kimechanganywa na Kikrii.

Mfano upo kwa jina hilohilo. Alexander Kennedy Isbister alizaliwa 1822 Cumberland House, kituo cha kampuni huko ndani Kanada, baba yake karani wa kampuni kutoka Orkney, mama yake Mary Kennedy ambaye nae mama yake alikuwa Mkrii. Akapelekwa Orkney shule, akarudi, akaajiriwa na kampuni, akaona mtu mwenye damu ya pande mbili hapandi cheo akaondoka akasoma Uingereza akawa mwalimu na mwanasheria, akawa anaipiga kampuni barua na malalamiko bungeni London miaka na miaka kuhusu inavyowatendea watu wa kwao. Alipofariki 1883 akawaachia Chuo Kikuu cha Manitoba dola zaidi ya 83,000 za kusomesha wanafunzi, bila kuangalia mtu ni wa rangi gani, dini gani, mwanamke au mwanaume. Kwa mwaka ule! Kuna jengo la chuo limepewa jina lake hapo Winnipeg, jamaa unaweza kwenda kwa basi.

Mwingine James Isbister, ndo alianza kulima sehemu ambayo leo ni mji wa Prince Albert, Saskatchewan, mwaka 1862, watu wakawa wanaiita makazi ya Isbister kabla mchungaji mmoja hajaja 1866 akapaita kwa jina la mume wa Malkia Victoria. Na 1884 alikuwa mmoja wa watu wanne waliopanda farasi mpaka Montana, Marekani, kumrudisha Louis Riel, kiongozi wa Wametisi, yaani machotara wa wazungu na wenyeji. Kwaiyo hilo jina Orkney ni la shamba, Kanada lina historia nzito kuliko hata kwao.

popobawa_mpole

Nimejifunza leo. Ila Waskoti na majina yao, kuna bosi mmoja hapa anaandikwa Menzies kumbe wenyewe wanatamka Mingis, na Dalziel eti Diyel. Nilivoita vile ilivoandikwa ofisi nzima ilicheka.

fundi_saa

Hiyo z sio z bana. Kulikuwa na herufi ya kale inaitwa yogh, ina sauti kama y, wachapishaji walipokuja hawana herufi hiyo kwenye visanduku vyao wakaweka z maana zinafanana. Haikuwa kosa lako.

Jamaa wa Winnipeg, sikia, kumbukumbu zote za Hudson's Bay zilitolewa London zikaletwa hapo hapo mjini kwako mwaka 1974, ziko kwenye nyaraka za mkoa wa Manitoba. Wana karatasi za wasifu wa wafanyakazi zimepangwa kwa herufi, ziko hata kwenye intaneti, bure. Kila karatasi ina jina, parokia aliyotoka, miaka, kazi, kituo. Parokia ndo ya muhimu, ikiandikwa Birsay hiyo ni habari nyingine na ikiandikwa South Ronaldsay habari nyingine kama mama alivosema. Anza na mzee mwenyewe kwanza, bibi na babu zake, majina na vijiji, rudi nyuma mmoja mmoja, usirukie Orkney kisa jina limefanana. Ukishavuka bahari ndo unaenda kwenye rejista za Uskoti, za serikali zinaanzia 1855, za kabla ya hapo ni za makanisa.

ndugu_wa_baridi

Wakuu narudisha mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki tatu, shifti zilibana.

Cheti sikununua. Nilimwambia mzee habari zenu akasema twende basi, tukaenda Jumatano asubuhi tumetoka kazini hatujalala. Dada wa pale mstaarabu sana. Mzee alikuwa na majina mpaka kwa babu wa babu yake kichwani, hana karatasi hata moja, anataja na nani alizaliwa kambi ipi mto upi. Tukampata mmoja ambaye miaka na kituo vinaendana, kibarua, parokia ya Birsay, baadae mpiga kasia wa mashua. Mzee akauliza Birsay kuna nini, nikamfungulia picha kwenye simu, akaangalia akasema hakuna miti, huyu alikuja huku akashangaa.

Chini kwenye sehemu ya mke imeandikwa tu mwanamke Mhindi, ndo walivokuwa wanawaita wenyeji, jina hakuna. Mzee akaweka kidole pale akakaa nacho. Akasema bibi yangu alikuwa anamtaja kwa jina huyu. Akaomba penseli kwa yule dada, akaandika kwenye kopi yetu, kwa zile herufi za Kikrii za pembetatu na vijiti, mi sijui kuzisoma, akanisomea mara mbili nikalirudia vibaya akacheka.

Kopi ya pili amempa dada yake. Hiyo yenye penseli nimepeleka iwekwe fremu, itakuwa tayari kabla ya mwezi wa sita.

mama_wa_aberdeen

Mwanangu umenitoa machozi nikiwa kwenye foleni ya mboga. Muulize mzee kama atataka picha za Birsay zenyewe, mi ninazo nyingi, nitakutumia inboksi.