Mtoto wa Kihaiti wa Boston: akielewa Kikrioli bila kukiandika, ana lugha mbili?

Mleta mada: Katiba ya Haiti ya 1987, ibara ya 5, inakitaja Kikrioli kuwa lugha inayowaunganisha Wahaiti wote, kisha inakifanya rasmi pamoja na Kifaransa. Ila nchi kuwa na lugha mbili si kila raia kuwa nazo. Wengi kule wanazungumza Kikrioli tu. Huku Boston na Miami, mzazi anajaza fomu ya shule "lugha mbili" kwa kuwa mtoto anamwelewa bibi yake. Asiyeweza kuandika ukurasa mmoja asihesabiwe.

Mpimaji: Mkuu, kwa kipimo hicho umemfuta mkulima wa Artibonite, huko Haiti, asiyejua kusoma, na Kikrioli ni chake. Anza na mdomo: dakika 5, mtoto asimulie ya jana. Sikiliza vitenzi. "Mwen manje mango a" ni nilikula lile embe, bila neno lolote la wakati. "M ap manje" ninakula, "m pral manje" nakwenda kula. Lakini "mwen renmen", nayo bila neno la wakati, ni napenda sasa, maana vitenzi vya hali (kama kupenda) vina njia yake. Mpimaji asiyelijua hilo anamkata maksi mtoto aliyepatia.

Mwalimu: Halafu kibainishi, yaani neno la kuonyesha kitu kinachojulikana, kama "lile". Kinakaa nyuma ya nomino na kufuata sauti ya mwisho: tab la, peyi a, moun nan, chen an. Anayebandika "la" kila mahali, huyo kafundishwa orodha, hakusikia nyumbani.

Mleta mada: Na tahajia? Ya sasa ipo tangu 1979, sauti moja alama moja. Kuna ugumu gani?

Mwalimu: Upo. "Pan" ni irabu ya puani tupu, "pann" (kutundika) inaongeza n, "pàn" (kuharibika kwa gari) irabu yake si ya puani kabisa. Alama moja tu, neno jingine. Na watu wazima waliosomeshwa Kifaransa mara nyingi huandika Kikrioli kwa tahajia ya Kifaransa. Utawaita hao wageni wa lugha?

Mpimaji: Fomu iwe na visanduku vitatu: anaelewa, anazungumza, anasoma na kuandika. Kila kimoja kwa kila lugha, Kiingereza kikiwemo.

Mleta mada: Visanduku nakubali. Ila aliyetiwa alama kwenye kisanduku cha kwanza pekee msimpeleke hospitali akamtafsirie bibi.