Propela 58x48 kwenye VW 2180: mizunguko haifiki, nikate au nibadilishe?

MbaoNaKitambaa

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa hesabu kabla sijagusa chochote.

Injini ni Volkswagen ya cc 2180, propela imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, hakuna giaboksi. Ndege ni ya kujijengea, viti viwili, gurudumu dogo liko mkiani. Propela ni ya mbao, mapanga mawili, imegongwa 58x48, yaani kipenyo inchi 58 na pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) inchi 48. Namba ninazosoma:

Chini, ndege imefungwa, mafuta mwisho (kabureta wazi kabisa): mizunguko 2,550 kwa dakika.
Angani, usawa, mafuta mwisho: 2,850, kasi 175 km/h (GPS, kwenda na kurudi, nikagawanya kwa mbili).
Joto la silinda hedi wakati wa kupanda: linapita 215°C na bado linaongezeka.

Injini imetengenezwa kufika 3,300 hadi 3,400. Kupanda ni kwa kujikongoja. Nimeshauriwa nikate inchi mbili kila ncha yaishe. Nikate?

---

FundiKrenki

Weka msumeno chini kwanza, mkuu.

Dalili zako zote zinaelekea upande mmoja: propela inaielemea injini. Injini hizi nguvu zake zinakuja na mizunguko. Ukiibana kwenye 2,850 unapata kama asilimia 86 tu ya nguvu ambazo ingetoa kwenye 3,300. Joto nalo linatoka hapo hapo. Kabureta iko wazi mwisho, silinda zinajaa vizuri, lakini pistoni inakwenda taratibu, kwa hiyo moto na presha vinakaa ndani ya hedi muda mrefu zaidi, na ndege inapanda kwa kasi ndogo isiyopitisha hewa ya kutosha kwenye mapezi ya silinda. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukianza kugonga, yaani kulipuka ovyo, katika hali hiyo hutausikia kwa kelele za propela. Utakuja kuuona kwenye pistoni.

Ila kabla hujailaumu propela, hakiki geji ya mizunguko. Kukosea asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida kabisa, na kosa la kiasi hicho linatosha kukununulisha propela isiyo sahihi. Tafuta kipima mizunguko cha mwanga, kile cha kusoma vivuli vya mapanga, kiweke kwenye mpangilio wa mapanga mawili. Kukijaribu, kielekeze kwenye taa ya tyubu inayotumia umeme wa hetsi 50: taa hiyo inapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo lazima kisome 3,000. Umeme ukiwa wa hetsi 60, kisome 3,600. Kisiposoma hivyo, kirudishe ulikokitoa.

Pima ukiwa umekaa ndani, kupitia kioo cha mbele, mapanga yakiwa na anga kwa nyuma. Usisimame pembeni sambamba na duara la propela, hata kwa dakika moja. Mkia ufungwe kwenye kitu kisichong'oka, magurudumu yawekewe vizuizi, pua ielekee upepo, na upepo wenyewe uwe mdogo. Chini pasiwe na kokoto, maana propela inazinyonya na ukingo wa mbele ndio unaolipa. Pasha mafuta ya injini mpaka yafike joto la kazi, fungua mwisho, subiri sekunde kumi mshale utulie, soma, rudisha. Rudia mara tatu. Andika joto la hewa na mwinuko wa uwanja pembeni ya namba hiyo, la sivyo mwezi ujao hutajua unalinganisha nini na nini.

---

Pichi_Kipenyo

Naongezea hesabu. Kwa propela za familia moja, zenye umbo lilelile la panga, mzigo kwenye krenki unakwenda takriban hivi: mizunguko kwa kipeo cha pili, mara kipenyo kwa kipeo cha nne, mara pichi. Msokoto wa injini hii, yaani nguvu yake ya kuzungusha krenki, haubadiliki sana kati ya 2,800 na 3,300, kwa hiyo unaweza kukisia mizunguko mipya bila kompyuta.

Tuchukue 56x42. Kipenyo: 56 gawanya kwa 58 ni 0.9655, kipeo cha nne ni 0.869. Pichi: 42 gawanya kwa 48 ni 0.875. Zidisha, unapata 0.760. Kipeo cha pili cha asili ni 0.872. Sasa 2,850 gawanya kwa 0.872 ni kama 3,270 angani, na 2,550 inakuwa kama 2,925 chini. Hapo ndipo injini inapotakiwa kuwa. Kwa hiyo kama geji yako inasema kweli, jibu ni 56x42.

Sasa msumeno. Ukikata inchi mbili kila ncha unabaki na 54x48. Hesabu ileile inakupa karibu 3,290 angani. Ukiangalia mshale utashangilia, lakini sikiliza panga lenyewe. Pichi ya inchi 48 ni mita 1.219. Zidisha kwa 3,290 halafu kwa 0.06: propela inataka kwenda 241 km/h, na ndege yako haifiki huko hata ukiisukuma kwa mkono. Tena mwinamo wa panga, ukipimwa kwenye asilimia 75 ya nusu kipenyo kutoka katikati, ambao kwenye 58x48 ni kama digrii 19.4, baada ya kukata unakuwa kama 20.7, kwa sababu umeondoa ncha zenye mwinamo mdogo na kubaki na sehemu za ndani zilizosimama zaidi. Ukianza kukimbia uwanjani hewa inajitenga na mgongo wa panga, propela inakoroga badala ya kusukuma. Na duara la kushika hewa umelipunguza kwa asilimia 13. Mizunguko umepata, msukumo umeupoteza, na mbao hairudi.

Kukata kunafaa pale pichi ni sahihi na kipenyo ndicho kimezidi, kwa mfano ncha zikienda kasi mno. Kwako si hivyo: inchi 58 ni mita 1.473, kwenye 3,300 ncha zinakwenda kama mita 255 kwa sekunde, robo tatu ya kasi ya sauti. Mbao inavumilia hapo. Ikipita mita 270 hivi kelele inapanda ghafla na nguvu zinaishia kwenye kelele.

---

MbaoNaKitambaa

Asanteni sana. Nimepima mara tatu. Kipima cha mwanga kimesoma 3,000 kwenye tyubu kama mlivyosema. Geji ikisema 2,550 kipima kinasema 2,640, mara zote tatu ndani ya mizunguko 10. Ina maana geji inasoma pungufu?

---

Pichi_Kipenyo

Ndiyo, pungufu kwa asilimia 3.5. Kwa hiyo ile 2,850 ya angani kwa kweli ni kama 2,950. Bado umeelemewa, lakini si kwa kiasi tulichodhani, na 56x42 ingekuwa nyepesi mno: ingekupeleka karibu 3,380 ukiwa usawa, na ukiinamisha pua kidogo tu unapita kikomo.

Rudia hesabu na 56x44. 0.869 mara 0.917 ni 0.797, kipeo cha pili cha asili 0.893. Angani 3,300, chini 2,955. Pichi ya inchi 44 ni mita 1.118, kwa hiyo propela inataka kwenda 221 km/h. Ndege ikipata hizo nguvu za ziada, asilimia 12 hivi, kasi inaongezeka kwa mzizi wa tatu tu, karibu asilimia 4, yaani 182 km/h au zaidi kidogo. 182 juu ya 221 ni asilimia 82, karibu sawa na uwiano ulio nao leo, kwa hiyo hesabu haijipingi. Faida kubwa utaiona kwenye kupanda na kwenye joto la hedi, usitegemee maajabu ya kasi.

Ukiagiza, usitaje namba mbili tu. 44 ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa 46 ya mwingine, kwa kuwa kuna anayepima mwinamo kwenye uso bapa wa nyuma na kuna anayepima kwa msingi mwingine. Mpelekee namba zako zilizosahihishwa: 58x48 ya nani, 2,640 chini, 2,950 angani, 175 km/h, na unataka 3,300. Fundi wa propela anayejua kazi yake ataanzia hapo.

---

KitovuChepesi

Kwa nini asiweke tu propela ya mapanga matatu ambayo mwinamo wake unarekebishwa ndege ikiwa chini? Digrii moja huku, digrii moja kule, kazi imekwisha. Kwenye Rotax 912, ile injini ya ndege ndogo, ndivyo watu wanavyofanya.

---

FundiKrenki

Kwenye 912 sawa, kwa sababu kuna giaboksi katikati. Rotax 912 ULS kwenye 5,800 na uwiano wa 2.43 inazungusha propela 2,387 tu, hivyo kipenyo cha inchi 68 au 70 kinakaa bila shida, na uzito wa kitovu unabebwa na shafti ya giaboksi. Huko digrii moja inahamisha injini mizunguko 200 hadi 300, unarekebisha mpaka mafuta mwisho ukiwa usawa ikupe kati ya 5,500 na 5,800, na usiiache injini ikifanya kazi mafuta mwisho chini ya 5,200.

VW ni habari nyingine. Krenki hii ilichorwa kwa ajili ya gari. Kila unapogeuza pua ghafla, propela nzito inapinga kama pia inayozunguka na inapinda krenki pale nyuma ya kitovu, na hapo ndipo inapokatika. Kadiri kitovu kilivyo kizito na kinavyochomoza mbele kwa kirefusho, ndivyo mkono wa kupinda unavyokuwa mrefu. Mbao nyepesi, mapanga mawili, karibu na beringi. Mapanga matatu kwenye kipenyo kidogo hivi pia yanakulazimisha upunguze pichi au kipenyo zaidi, na mizizi yao minene inaishia kuzunguka mbele ya kava la injini bila kusukuma kitu.

Sababu ya kuchukua matatu ni moja tu inayonishawishi: nafasi ya chini haitoshi. Pima hiyo pia, mwenye mada. Nyanyua mkia mpaka ndege iwe usawa kwa pima maji, matairi yakiwa na upepo wa kawaida. Kanuni ya ndege ndogo ya Marekani ilitaka inchi 9 kati ya ncha na ardhi kwa ndege yenye gurudumu la mkia, inchi 7 kwa yenye gurudumu la pua. Ndege ya kujijengea haifungwi nayo, ila ni kipimo kizuri. Ukitoka 58 kwenda 56 unaongeza inchi moja.

---

MbaoNaKitambaa

Nimeelewa, 56x44 ya mbao. Swali la mwisho: bolti nizikaze kiasi gani? Jedwali nililo nalo la bolti za inchi 3/8 linatoa namba kubwa kuliko karatasi ya propela.

---

FundiKrenki

Fuata karatasi ya propela, tena bila kuongeza chochote. Jedwali lako ni la chuma kwa chuma. Ukilifuata unaponda nyuzi za mbao chini ya bamba la mbele, na mbao iliyopondwa haina tena mkazo wa kurudisha. Baada ya saa chache bolti zimelegea ingawa hazijazunguka hata kidogo.

Ukizilegeza nalo ni balaa. Nguvu za injini zinapita kwa msuguano kati ya flanji na uso wa mbao, si kwa bolti. Msuguano ukipungua propela inacheza nyuma na mbele kila silinda inapolipuka, mbao inaungua, na ukiivua unakuta duara jeusi la mkaa kwenye kitovu na matundu yaliyotanuka kama yai. Ukiona weusi huo, propela hiyo imekwisha.

Utaratibu: swichi zote zimezimwa, plagi zimetolewa, kila mara ishike propela kana kwamba injini inaweza kuwaka. Safisha flanji, pasiwe na grisi wala rangi mbichi. Kaza kwa hatua ndogo, bolti moja kisha ile ya upande wa pili, mpaka ufike kiasi kilichoandikwa. Sasa pima mzunguko wa ncha: weka kipande cha mbao kikikaribia ncha ya panga moja, zungusha mpaka ncha ya pili ifike hapo, tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, mara nyingi ni uchafu kwenye flanji au bolti moja imebana kuliko nyingine. Usisawazishe kwa kukaza upande mmoja zaidi. Legeza zote, anza upya.

Hakiki mkazo baada ya kuwasha mara ya kwanza, baada ya saa ya kwanza ya kuruka, halafu kila saa 25, na kila hali ya hewa inapobadilika kutoka unyevu kwenda ukavu, maana mbao inasinyaa na bolti hazisinyai. Kila ukimaliza kuhakiki mkazo, ndipo ufunge tena waya wa usalama.

Ukiegesha, acha mapanga yakiwa yamelala. Likisimama wima, unyevu unashukia panga la chini, na wiki mbili baadaye unatafuta mtetemo ambao haupo kwenye injini.