Droo za kwenye simu: nafasi yangu ni moja kati ya ngapi? Mbona hakuna anayejibu?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Nipo Dodoma, maeneo ya Majengo.

Jirani yangu ni mama anayeuza zabibu na ubuyu karibu na soko. Juzi kanionyesha meseji kwenye kitochi chake: "Hongera! Umebakiza hatua 1 tu. Lipia 1000 uongeze nafasi ya kushinda leo saa 3 usiku." Nikapandisha juu, nakuta meseji za namna hiyo zimejaa, na chini ya karibu kila moja kuna ya muamala: buku limetoka, buku limetoka, buku limetoka. Huo ni mtaji wa zabibu! Na mama wa watu anaamini kabisa kwamba kabakiza hatua moja. Hatua moja kutoka wapi kwenda wapi?

Nikapiga huduma kwa wateja. Nikauliza swali moja tu: droo ya jana ziliingia tiketi ngapi? Dada akanijibu, "Nunua tiketi nyingi zaidi ili uongeze nafasi, kaka." Nikarudia swali. Akasema hiyo taarifa haioni kwenye mfumo wake, simu ikakatwa.

Hapo ndipo paliponiuma. Bahati nasibu ya kuchagua namba, hata wakikuficha, unakokotoa mwenyewe. Lotto ya Uingereza unachagua namba 6 kati ya 59, na nafasi ya kuzipata zote ni 1 kati ya milioni 45 na ushee. Powerball ya Marekani, namba 5 kati ya 69 na nyingine moja kati ya 26, ni 1 kati ya milioni 292. Nafasi mbovu mno, lakini imeandikwa wazi, kwa hiyo mtu mzima akitupa hela yake anatupa akijua. Hizi droo za meseji ni habari nyingine. Nafasi yako inategemea zimeuzwa tiketi ngapi, na anayejua ni muuzaji peke yake. Asipokwambia, huna hesabu yoyote ya kupiga.

Na msiniambie "kompyuta ndiyo inachagua". Huko Marekani, Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi, alipenyeza maelekezo yake ya siri kwenye programu ya kuchagua namba. Tiketi moja aliyonunua mwaka 2010 ilikuwa ya dola milioni 16.5. Kamera ya dukani ikamponza, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Huko kuna ukaguzi na bado mtu wa ndani kapita. Sisi tunatangaziwa jina moja na namba ya simu iliyofichwa tarakimu za katikati, basi, imeisha hiyo.

Sheria tunayo, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003. Bodi ipo, chini ya Wizara ya Fedha, na wizara yenyewe iko hapa hapa mjini kwetu. Bunge nalo hapa hapa. Kila msimu wa bajeti nasikia mjadala wa kodi, Serikali ichukue asilimia ngapi. Mbona sisikii anayeuliza mchezaji anaambiwa nini kabla hajabonyeza namba ya siri?

Uingereza mshindi wa droo asipojitokeza ndani ya siku 180, hela inakwenda kwenye miradi ya jamii. Zawadi zisizochukuliwa kwenye hizi za meseji zinakwenda wapi? Uganda, majirani zetu, chini ya miaka 25 huruhusiwi kucheza. Sisi ni 18, na bado kwenye vibanda vya dubwi, zile mashine za kamari, unawakuta watoto wenye sare za shule wakitumbukiza sarafu za mia mbili. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Najua watakuja wale wa "si aache tu kucheza, kalazimishwa?" Mkuu, ukinunua dawa ya panya imeandikwa ni sumu. Huyu mama ameandikiwa "Hongera".

Ninachotaka ni meseji ya kila droo iseme tiketi zilizouzwa droo iliyopita na fungu lililorudi kwa washindi. Mistari miwili tu. Kama kuna mtu humu amewahi kuuliza akapewa namba, aiweke hapa pamoja na tarehe ya droo. Na anayefahamu barua ya malalamiko inapelekwa dirisha gani pale wizarani aniambie, niipeleke Jumatatu asubuhi.