Kaka kaacha fegi kwa plasta, mimi plasta ileile imenishinda. Tatizo ni nini?

Fundi_Tabata:
Wakuu, habarini. Ni mwanamke, miaka 36, fundi cherehani hapa Tabata. Navuta pakiti moja kwa siku, na anayejua ni kaka yangu peke yake. Mwanamke akionekana na fegi mtaani kwetu mnajua anavyotazamwa, kwa hiyo navutia chooni kisha natafuna karafuu.

Mwaka jana kaka aliletewa plasta za nikotini kutoka Dubai, za miligramu 21. Kabandika wiki nane, kaacha, hana hata hamu. Boksi lililobaki akanipa. Mimi nabandika saa moja asubuhi, ikifika saa saba mchana alosto imeshanishika, mkono unatetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano. Usiku nakodolea dari macho. Siku ya tisa nikaenda kwa Mangi nikanunua mbili.

Kaka anasema, "Wewe hujaamua tu." Inaniuma. Tumbo moja, plasta moja, mbona yeye imemkubali? Natumia pia vidonge vya majira, sijui kama vinahusika.

Mzee wa Kahawa:
Binti yangu, kaka yako hajakosea. Mimi niliacha kwa mswaki wa mti tu, nang'ata kutwa nzima. Kuacha ni kichwa.

Mfamasia_Gongolamboto:
Mzee shikamoo, ila hapo nakupinga kidogo.

Dada, vidonge vinahusika sana. Nikotini inavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo CYP2A6. Wapo waliorithi jeni hiyo ikiwa mvivu: nikotini inakaa muda mrefu mwilini, plasta inawatosha. Wengine ini linaifyeka, mchana wako wakavu. Wewe na kaka kila mmoja alichukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini si lazima ziwe nusu zilezile. Juu ya hapo, estrojeni, homoni ya kike iliyomo pia kwenye vidonge vingi vya majira, inakichochea hicho kimeng'enya. Ndiyo maana wanawake kwa wastani wanaivunja nikotini haraka kuliko wanaume, wenye vidonge vya estrojeni haraka zaidi, na mjamzito ndiyo usiseme.

Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Marekani na Kanada, wavutaji 1,246. Walipimwa damu kwanza kujua nani anavunja nikotini polepole na nani kwa kasi ya kawaida. Wa kasi ya kawaida walifanikiwa zaidi kwa vidonge vya vareniklini kuliko kwa plasta. Wa polepole dawa zote mbili ziliwafaa sawasawa, ila vareniklini iliwasumbua zaidi kwa madhara. Hiyo dawa haingoji ini, sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Muulize daktari kuhusu hiyo, au kuongeza bigijii ya nikotini juu ya plasta. Bigijii hiyo haitafunwi kama ya watoto: unatafuna taratibu mpaka mdomo uwashe, unaibana shavuni, na robo saa kabla hunywi kahawa wala soda.

Lakini dada, mimi hilo la plasta halinitishi. Miaka 36, pakiti kwa siku, na estrojeni juu yake: hapo tunazungumzia damu kuganda na kiharusi. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii, wakubadilishie njia. Usiache tu kienyeji ukapata mimba.

Na kahawa unakunywa?

Fundi_Tabata:
Vikombe vitano, yule wa birika anapita na kashata mpaka mlangoni. Nimegeuza pakiti ya vidonge, imeandikwa ethinylestradiol.

Mfamasia_Gongolamboto:
Hiyo ndiyo estrojeni yenyewe. Kahawa nayo: moshi wa sigara unalifanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha fegi, vikombe vilevile vitano vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Huenda hiyo ndiyo dari uliyokuwa ukiikodolea macho. Punguza viwe viwili, visivuke saa sita mchana.

Mzee wa Kahawa:
Marahaba mwanangu. Sasa kahawa imeingiaje tena hapa jamani.

Fundi_Tabata:
Asante sana mfamasia. Kliniki nakwenda Jumatatu, cherehani itasubiri. Uzi huu nimemtumia kaka WhatsApp. Tiki za bluu zimeonekana tangu saa nane, kimya.