Kauli za SQL: zichanganuliwe kwa zana, au tutafute neno tu?

Mwenye mada, Kirumba: Ndugu zangu, mfumo wetu unahifadhi kumbukumbu za mizani ya samaki wanaoshushwa mwaloni, umejengwa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na ripoti zake nyingi, yaani kauli za SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata), ziliandikwa na watu walioondoka zamani. Tunataka kuigawa safu ya uzito iwe mbili, uzito mbichi na uzito mkavu, kwa sababu dagaa akishaanikwa hupungua. Nimelitafuta neno «uzito» katika mafaili yote, nikaletewa hata vichwa vya ripoti. Je, ipo zana ya kuzichanganua kauli hizi, au niboreshe ruwaza za kutafutia?

Fundi wa Igoma: Ruwaza haitakufikisha, kwa sababu kauli ya SQL hubeba kauli nyingine ndani yake, na majedwali hupewa majina ya mkato. Chukua sqlglot, maktaba ya Python inayoigeuza kauli kuwa mti wa sarufi, yaani mchoro unaoonyesha kila neno lina kazi gani katika kauli. Usiichanganye na sqlparse, ambayo hupanga na kukata kauli vizuri lakini haikagui kama kauli ni sahihi. Na niseme wazi: anayetafuta safu kwa ruwaza bado hajawa mhandisi.

Dada wa Nyegezi: Kaka Fundi, sentensi yako ya mwisho imeniuma. Nimelea mifumo miwili kwa ruwaza hizohizo, usiku, kwa kompyuta ya kuazima, na hakuna aliyekosa mshahara kwa kosa langu. Isitoshe, SQL ina kiwango rasmi tangu 1986. Ugumu mnaoueleza unatoka wapi?

Fundi wa Igoma: Dada, kwa neno la uhandisi naomba radhi, halikustahili kukufikia. Kwa kiwango siombi. Alama || huunganisha maandishi katika PostgreSQL, ilhali MySQL, hifadhidata nyingine, katika mipangilio yake ya kawaida huisoma kama «au». Nukuu pacha kwa MySQL huzingira maandishi, kwa PostgreSQL huzingira jina la safu. Kiwango kipo, lakini kila hifadhidata ina lahaja yake.

Dada wa Nyegezi: Radhi nimeipokea. Hata hivyo hujanijibu: kauli zinazoungwa kipande kwa kipande ndani ya programu, mti wako utaziona wapi, wakati hazipo nzima katika faili lolote?

Mzee wa Pasiansi: Wanangu, mwenye mada yuko kwenye PostgreSQL, na habari za MySQL hazimsaidii. Ipo libpg_query, ambayo ni kichanganuzi cha PostgreSQL chenyewe kilichotolewa ndani ya msimbo wa seva, na kwa Python huitumia kupitia pglast. Haikisii lahaja, kwa kuwa ndiyo lahaja. Ila mti wa sarufi hujua majina yaliyoandikwa tu. Ripoti iliyoandikwa SELECT *, ambayo nyota yake maana yake ni «safu zote», inausoma uzito bila kuutaja, na hapo ruwaza na mti vyote viwili vinapofuka. Mimi ningetengeneza nakala ya hifadhidata, nikaigeuza kila ripoti kuwa mwono (view, kauli iliyohifadhiwa kwa jina ndani ya hifadhidata), kisha nikajaribu kuifuta safu ile bila CASCADE, neno linaloamuru vinavyoitegemea vifutwe pamoja nayo. PostgreSQL hukumbuka mwono upi unategemea safu ipi, hata ile nyota huipanua mwono unapoundwa, kwa hiyo itakataa na kuwataja wanaoitegemea.

Dada wa Nyegezi: Mzee, hilo nalikubali kwa ripoti zilizoandikwa nzima. Kwa zile za kuungwa, iwashwe log_statement kwenye seva, yaani mpangilio wa kuandika kumbukumbu ya kauli zinazoifikia, zikusanywe kauli za mwezi mzima, ikiwemo siku ya kufunga hesabu, ndipo zichanganuliwe.

Fundi wa Igoma: Nakubaliana na dada. Angalia tu, kumbukumbu hizo zitabeba majina ya wavuvi na malipo yao, kwa hiyo zilindwe.

Mwenye mada, Kirumba: Nimejaribu njia ya Mzee kwenye nakala. Ripoti tatu za SELECT * zimejitokeza, na moja ndiyo inayolipa wachukuzi. Safu siigusi hadi kauli za mwezi zikusanywe.